Hiari ya Nani?

Asubuhi moja, katika hospitali ya umma hapa pwani, niliketi benchi moja na bibi aliyetoka Kizingitini, kisiwani Pate. Picha yake ya eksirei ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bakora ameilaza mapajani. Nyonga ya kulia imelika. Usiku, alituambia, hulala ubavu mmoja tu, kama mashua iliyokaukiwa na maji. Muuguzi akaisoma kadi yake, akamtafsiria neno lililoandikwa kwa Kiingereza: "Bibi, operesheni yako ni ya hiari."

Bibi akamtazama mjukuu wake, kisha akarudi kwa muuguzi. "Hiari ya nani, mwanangu? Kwani maradhi haya nimeyaagiza mimi?"

Muuguzi alitabasamu kwa haya. Kosa halikuwa lake. Alipewa neno bovu, akalitumia.

Neno lenyewe kwa Kiingereza ni "elective", na asili yake ni Kilatini, mzizi wenye maana ya kuchagua. Mfasiri mwenye haraka akiona kuchagua mkono wake hukimbilia hiari, na kwenye karatasi hutokea "upasuaji wa hiari". Sarufi haina dosari, ila maana imepotea njiani. Kinachochaguliwa katika upasuaji huu ni siku. Haja ya kupasuliwa haimo katika uchaguzi huo. Nyonga iliyolika haitaota gegedu upya kwa kuwa mwenyewe ameamua kuvumilia.

Waingereza hugawa upasuaji katika ngazi nne kwa kuangalia muda. Ya kwanza ni ya papo hapo, hupimwa kwa dakika: mtu anavuja damu na roho iko mlangoni. Ya pili hupimwa kwa saa, mfano kijana aliyeanguka mnazi, mfupa wa muundi umetokeza nje ya ngozi na uchafu umeingia. Ya tatu hungoja siku chache. Ya nne ndiyo ya bibi wa Kizingitini: tarehe hupangwa kwa kumfaa mgonjwa, hospitali na wafanyakazi wake. Soma tena hiyo ya nne. Wanaofaidika na nafasi ya kupanga ni watatu, na mgonjwa ni mmoja wao tu. Hiari iko wapi hapo?

Hiari ina mahali pake hospitalini, na mahali hapo ni kwenye karatasi ya ridhaa. Kila mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukubali au kukataa kisu, hata yule wa mnazi. Tukisema upasuaji mmoja ni wa hiari, tunaashiria kwamba ule mwingine ni wa lazima, mtu hupasuliwa apende asipende. Kwa neno moja tumekosea mara mbili.

Madhara yake huonekana ndugu wanapokaa kuchanga. Nauli ya kwenda Mombasa, malazi ya msindikizaji, vipimo, na kile ambacho bima haitakilipa. Mtu mzima kikaoni huuliza, kwa nia njema kabisa: kama ni hiari, si tungoje mpaka baada ya kusi? Bibi husikia, hunyamaza, hurudi kitandani. Na wanaopanga bajeti ni binadamu kama ndugu hao. Kitu kilichoandikwa hiari ni rahisi kukisukuma mwaka ujao.

Neno la pili kwenye kadi ile, ortopedia, yaani tiba ya mifupa, nalo lina kisa. Lilibuniwa na tabibu Mfaransa, Nicolas Andry, katika kitabu chake cha 1741, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: nyofu na mtoto. Kazi aliyoikusudia ilikuwa kunyoosha miili ya watoto. Picha iliyobaki kuwa nembo ya fani hii hadi leo ni ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Mswahili hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda ni mfano unaolivua neno hiari nguo. Kwa njia ya Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi chuo kikuu cha Iowa, Marekani, mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta mpya kila wiki. Mwishoni, aghalabu, hukatwa kano la kisigino kwa tundu dogo. Kisha mtoto huvaa viatu vyenye chuma katikati, miaka kadhaa, hasa usiku. Hakuna dharura hata chembe katika kazi hiyo. Lakini ikianza wiki za mwanzo, plasta chache hutosha. Ikichelewa miaka, huenda ikahitajika operesheni kubwa ya mifupa. Upasuaji huo nao tuuite wa hiari?

Kabla ya ortopedia kufika, pwani ilikuwa na mhazigi, fundi wa kuunga mifupa, mwenye banzi zake na vitambaa. Neno hilo limo kwenye kamusi, ingawa vijana wengi hawalijui na husema "daktari wa mifupa". Sina ugomvi nao. Nasikitika tu kwamba tulikuwa na jina la fundi, tukalisahau, na kisha tukaenda kukopa jina la kazi yake.

Tukirudi kwa wanaongoja tarehe zao: ortopedia ya namna hiyo ilipanuka sana baada ya Novemba 1962, John Charnley alipoanza kuweka nyonga ya chuma na plastiki katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kwa muundo uliokuja kuigwa duniani kote. Tangu hapo wazee wameongezeka, na haja imeongezeka pamoja nao. Dar es Salaam ilipata taasisi yake ya mifupa, MOI, mwaka 1996. Lakini kila mfumo wa umma una udhaifu ule ule: dharura ikiingia, mwenye tarehe hutolewa. Katika wiki 12 za kilele cha korona, 2020, watafiti walikadiria kwamba operesheni milioni 28.4 za namna hii zingeahirishwa au kufutwa duniani. Huko Uingereza, ambako mgonjwa ameahidiwa kuanza matibabu ndani ya wiki 18, orodha ya wanaongoja ilipita milioni 7.7 mwaka 2023, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mifupa. Dawa mojawapo waliyoijaribu ni kutenga vyumba vya upasuaji ambamo dharura haiingii kabisa. Kwetu Kenya iko migomo pia. Ule wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100, na wa 2024 siku 56. Juu ya hayo zipo bodaboda, ambazo zimeingia hata kwenye visiwa tulivyovizoea kwa punda. Kijana mmoja mwenye paja lililovunjika hushika kitanda na meza ya upasuaji, na ni haki yake. Bibi huambiwa arudi.

Kurudi, kwa mtu wa Pate, si neno dogo. Kutoka Faza au Mtangawanda hadi Amu, yaani Lamu, njia ni ya mashua, na mashua hufuata maji. Kwenye mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakipwa hubaki mikoko na tope, na chombo kizito husubiri. Ukifika Amu uko Hospitali ya King Fahd. Ukipewa rufaa, kwa maana kubadilisha nyonga aghalabu ni kazi ya hospitali kubwa kama za Mombasa na Nairobi, unavuka tena hadi Mokowe ukapande basi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitaka angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi waweze kufika ndani ya saa 2 penye operesheni tatu za msingi, kutibu mfupa uliotokeza nje ikiwa mojawapo. Saa 2 hizo, kwa mtu wa kisiwa cha Kiwayu, huenda zikaishia baharini.

Basi tuite nini? "Upasuaji usio wa dharura" husema kisichokuwepo, na chochote kinachotajwa kwa kukanushwa huwekwa nyuma ya mstari. "Upasuaji wa kupangwa" ni bora, na kina mama wa kujifungua wameuzoea, ila haumwambii mgonjwa nani anadaiwa nini. Kupanga ni kazi ya ofisi.

Mimi nasema "upasuaji wa miadi". Miadi kila mtu anaijua, kutoka kwa fundi cherehani hadi kwa nahodha. Ina pande mbili: aliyeahidi na aliyeahidiwa. Ina siku. Na kama mfupa, huvunjwa. Wenyewe Amu husema huvundwa. Mtu akivunja miadi ya watu huulizwa sababu, hutakiwa aombe radhi, na hutakiwa kutoa siku nyingine hapo hapo. Hiari haina deni hilo, na kupangwa nako hupanguliwa bila mtu kuulizwa. Atakayesema kwamba hospitali nyingi hazina uwezo wa kutimiza miadi amesema kweli, lakini hoja hiyo ni ya vitanda, dawa za usingizi na wataalamu. Jina la kazi halipaswi kuificha.

Bibi wa Kizingitini aliondoka na kadi yake ile ile. Enyi mnaoandika kadi, tafadhali: andikeni "miadi", na mbele yake andikeni tarehe.