Mlango wa Chuo Kikuu

Leo tusome habari za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwezi wa Oktoba, 1961, katika jumba la TANU, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza, ndipo waingie Chuo Kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini hesabu ya wasichana ilipungua, maana wengine waliolewa wakalea watoto. Baadaye wasichana wakaondolewa sharti hilo.

Basi, kumbukeni: sharti moja si lazima liwe haki sawa. Je, binti wa kijiji chenu anazuiwa na nini? Zungumzeni darasani.