Mizani ya Ragged Point

Kujua Sahara ilimwaga vumbi kiasi gani juu ya Barbados jana, kunatakiwa karatasi, maji, tanuru na mizani. Karatasi ni chujio lenye ukubwa unaokaribia ukurasa wa daftari, linalofungwa juu ya mnara wa Ragged Point, ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa hicho. Pampu huvuta hewa ya bahari na kuipitisha humo. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka nchi kavu, pampu huzimwa, vumbi la barabarani lisije likachanganyika na la mgeni. Chujio likishushwa huoshwa kwa maji safi ili chumvi ya bahari iondoke, kisha huingizwa ndani ya tanuru la nyuzi 500 usiku kucha. Karibu karatasi yote huteketea. Asubuhi hubaki majivu ya rangi ya kutu, na hayo ndiyo hupandishwa kwenye mizani.

Nimefanya kazi ya maabara upande wa Tanga, kupima vumbi la machimbo ya mawe, na nikisoma maelezo ya utaratibu huo najua ugumu wake uko wapi. Uko kwenye chujio tupu. Karatasi mpya isiyoguswa na upepo wowote nayo huacha majivu yake. Kidole huacha jasho. Wakati wa masika unyevu hupenya kila mahali na tarakimu za mizani hazitulii. Ndiyo maana chujio tupu sharti lioshwe, lichomwe na lipimwe sawasawa na lile lililofanya kazi, kisha uzito wake utolewe kwenye hesabu. Nikikutana na takwimu za vumbi, hilo ndilo swali langu la kwanza: chujio tupu lilipimwa?

Vumbi lenyewe lilijulikana na mabaharia zamani sana. Januari 1832, merikebu Beagle ilipokuwa ikikaribia Porto Praya katika visiwa vya Cape Verde, Charles Darwin alikusanya kifurushi kidogo cha vumbi la kahawia lililonaswa na shashi ya kielekezi cha upepo kule juu ya mlingoti. Alimpelekea Christian Gottfried Ehrenberg, bingwa wa hadubini wa Berlin. Katika vifurushi vitano alivyoletewa, Ehrenberg alihesabu aina 67 za viumbe vidogo, takriban wote wa maji baridi. Tena alisema hakuona hata aina moja ambayo ni ya Afrika peke yake katika zile alizozijua. Darwin hakuyumba. Aliangalia upepo unatoka wapi na unavuma miezi gani, akaandika mwaka 1846 kwamba vumbi ni la Afrika. Namheshimu sana kwa hilo. Leo tunajua kwamba sehemu ya vumbi la Sahara hutoka Bodélé, nchini Chad, kwenye sakafu ya ziwa kubwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, na maganda ya viumbe wa maji baridi yamejaa huko.

Darwin alikuwa na ushahidi wa chimbuko. Uzito hakuwa nao. Huo ulikuja baada ya zaidi ya miaka mia moja, tena kwa njia ya pembeni. Katikati ya miaka ya 1960, watafiti Delany, Parkin na wenzao walitundika nyavu za nailoni Barbados wakitafuta vumbi la kutoka anga za juu. Walichagua pwani inayopigwa na upepo uliokwishavuka bahari yote, wakitegemea hewa safi. Nyavu zikaja nyekundu. Joseph Prospero wa Chuo Kikuu cha Miami aliichukua kazi hiyo tangu 1965, nyavu zikaja kubadilishwa kwa machujio ya karatasi, na upimaji ukaendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1970 Prospero na wenzake walionyesha vumbi la Karibi likifuatwa nyuma hadi kwenye dhoruba moja ya vumbi barani Afrika. Miaka miwili baadaye, yeye na Toby Carlson walieleza linavyosafiri: hewa kavu ya moto ya jangwani hupanda juu ya hewa baridi ya baharini, ikabeba vumbi kwa kimo cha kilomita kadhaa, ikafika Karibi baada ya takriban siku tano hadi saba.

Halafu ikaja habari ambayo mimi siwezi kuisoma haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua zilianza kukatika Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara, na kufikia 1973 ng'ombe walikuwa wamekufa kwa wingi Mali, Niger na kwingineko, watu wakahama. Ardhi ilibaki uchi. Barbados, zaidi ya kilomita 4,000 ng'ambo ya bahari, majivu yakaongezeka. Prospero na mwenzake Nees waliandika juu ya uhusiano huo mwaka 1977. Ukame ulipozidi tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, vumbi lilipanda hata zaidi, likafikia kilele mwaka 1983 na 1984. Utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba vumbi la mwaka huandamana kinyume na mvua ya Sahel ya mwaka uliotangulia: mvua ikipungua, vumbi huongezeka. Sehemu ya vumbi lililopimwa ng'ambo huenda ilikuwa udongo wa shamba au malisho ya mtu, au wa sakafu ya ziwa alilovua babu wa mababu zake.

Miaka hiyo Sahel yenyewe ilitegemea zaidi waangalizi wa hali ya hewa, walioandika jicho linaona umbali gani. Kazi yao ilikuwa ya thamani, ila macho hayatoi uzito. Mwaka 2006 vituo vitatu vilivyopangwa karibu na mstari mmoja wa latitudo vilianza kupima mfululizo: Banizoumbou nchini Niger, Cinzana nchini Mali na M'Bour nchini Senegal. Mizani zao hupima zenyewe kila dakika tano. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu kazi ya Barbados ianze. Kama vituo hivyo vingekuwapo mwaka 1968, wafugaji wa Sahel wangekuwa na kumbukumbu ya udongo wao ukiondoka, iliyoandikwa kwao wenyewe.