Kupukutika Mapema

Kwa Kilatini, caducus ni kitu chepesi kuanguka. Wanabayolojia hulitumia neno hilo kwa sehemu ya mmea au mnyama inayotoka mapema, aghalabu mara tu inapomaliza kazi yake. Kwa Kiswahili inafaa kuitwa sehemu "ya kupukutika mapema", na uzito wote umo katika "mapema". Bila neno hilo hata majani ya mbuyu yangeingia, ilhali hayo hutumika msimu mzima ndipo yapukutike kiangazi.

Mfano mzuri umo kwenye kopo la viungo. Kile kichwa cha mviringo cha karafuu kavu ni petali nne zilizofumbatana kama kofia. Tumba likiachwa mtini hadi lifunguke, kofia huchomoka na kuanguka, stameni zikatanuka. Sepali nne, yaani vile vipembe vinavyokizunguka kichwa, hubaki palepale tunda likikua. Wachumaji wa Pemba na Unguja huliwahi tumba kabla halijafunguka. Karafuu ya pilau, basi, ni ua lililokatizwa. Mkaratusi, wa ukoo mmoja na mkarafuu, nao huangusha kifuniko cha tumba.

Kwenye mfenesi kinachoanguka ni stipuli, vijani viwili vinavyofunika chipukizi. Jani likikunjuka, stipuli huanguka, na alama yake hulizunguka tawi kama pete. Tawi changa huwa na pete nyingi, moja kwa kila jani.

Kwa wanyama, kifaranga huanguliwa akiwa na kincha kigumu juu ya mdomo, cha kupasulia ganda, ambacho hutoka siku chache baadaye. Mbawa za kumbikumbi huruka safari moja tu, kisha hukatika kwenye mstari uliokwisha kuwekwa karibu na shina la ubawa, na vigutu vikabaki mgongoni.

Hapa tafsiri hubana kidogo. Hupukutika vitu vingi kwa pamoja, kama majani na maua. Jino hung'oka, kitovu cha mtoto hukatika, manyoya hunyonyoka. Katika maandishi ya zoolojia ni afadhali "ya kudondoka mapema", ingawa mkia wa kiluwiluwi haumo hata kwa neno hilo: haudondoki, bali hunywea na kumezwa na mwili wenyewe.