Mgeni Katika Kiti cha Hukumu

Watu wa Sodoma walipozuiwa na Lutu wasitende uovu, hawakuijibu hoja yake. Walimsimanga kwamba alikuja kwao akiwa mgeni, na sasa anajifanya mwamuzi (Mwanzo 19:9). Simango hilo bado linasikika, hata katika vikao vya wazee wa kanisa, mtu anapoonywa na ndugu aliyehamia. Historia ya nchi yetu ina jibu lake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka huo kikiwa na wanafunzi 14 tu. Jaji Mkuu alikuwa bado Mwingereza. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alimweka katika nafasi hiyo Philip Telford Georges, aliyezaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Dominica, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Alikuwa amesoma Toronto, Kanada, akawa wakili na kisha jaji huko Trinidad. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, lakini hapa hakuwa na ukoo, wala kabila, wala kijiji.

Mwaka huohuo nchi yetu ikawa ya chama kimoja kisheria. Je, jaji atakuwaje huru pale chama kinaposhika hatamu? Georges alifundisha kwamba jaji anapaswa kuyaelewa malengo ya taifa na maisha ya wananchi, lakini akiketi mahakamani aamue kwa sheria na ushahidi. Hotuba zake zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1973.

Mtihani mkubwa ulikuwa kesi ya uhaini ya mwaka 1970. Miongoni mwa washtakiwa walikuwamo Bibi Titi Mohamed, mama aliyepigania uhuru, na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri. Oscar Kambona, mwana wa mkoa wetu na mtoto wa kasisi wa Kianglikana, alitajwa kuwa kinara wa njama ile, naye yuko uhamishoni London. Ni mkubwa gani wa nchi asiyekuwa na rafiki au hasimu katika kesi hiyo? Georges aliisikiliza, mawakili wakiwatetea washtakiwa. Mwanzoni mwa 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais akamwachia huru. Hukumu ile inajadiliwa hadi leo. Lakini sisi wa Songea tunaokumbuka Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga makumi ya wazee wa Wangoni, tunajua thamani ya mshtakiwa kusikilizwa kwanza.

Mwaka huohuo wa 1971 Georges aliondoka, na Augustine Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania. Baadaye Georges alikuwa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha wa Bahamas. Alifariki mwaka 2005.

Musa aliwaagiza waamuzi wamsikilize ndugu na mgeni sawasawa, wasimwogope mtu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu (Kumbukumbu la Torati 1:16-17). Kama hukumu ni ya Mungu, basi si mali ya ukoo wala ya wenyeji. Hapa Hanga wamo washarika waliotoka Njombe na Makete. Mmoja wao akikuambia neno gumu, usiulize ametoka wapi. Uliza kama neno lake ni kweli.