Baraza la Simba na Yanga

Katika siasa zetu kuna tusi ambalo limekuwa la kawaida mno. Mtu akitetea chama chake bila kusikiliza la mwenzake, huambiwa: "Acha ushabiki wa Simba na Yanga." Viongozi hulitumia majukwaani, na sisi walimu tumelitumia madarasani. Maana yake ni kwamba shabiki wa mpira ni kipofu, hupenda bila kufikiri na huchukia bila sababu. Nimeishi na washabiki hao kwa zaidi ya miaka hamsini, hapa Same mjini na kule milimani, na napenda kusema kwamba tusi hilo haliwatendei haki. Laiti tungekipenda chama kama shabiki wa kweli anavyoipenda timu yake, siasa zetu zingekuwa na afya kuliko zilivyo.

Tuanze na historia, maana bila historia ubishi huwa kelele tu. Klabu ya Young Africans, ambayo sote tunaiita Yanga, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga, na kutokana na utengano huo ikapatikana timu ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Sunderland, jina lililoazimwa kutoka Uingereza. Mwaka 1971 jina hilo la kigeni likaachwa, ikawa Simba. Kwa hiyo hawa tunaowaita watani wa jadi ni ndugu wa tumbo moja waliotengana. Siasa nazo hazikuwa mbali: Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, anakumbukwa na wana Yanga kwa msaada wake katika kupatikana kwa jengo lao la Jangwani.

Mpare wa Chome au Suji alizijuaje timu za Kariakoo? Njia zilikuwa tatu: reli, barabara na redio. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi inapita Same, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha vilevile. Vijana waliteremka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na bandarini, nao waliporudi walileta nguo, sukari na habari za mpira. Redio ndiyo iliyowafikia waliobaki. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo macho yetu yalikuwa sauti ya mtangazaji kama Ahmed Jongo. Betri zilipochoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya kipindi cha pili. Kijiji kizima kingeweza kuwa na redio mbili, moja kwa mwalimu na nyingine kwa mwenye duka, na siku ya mechi kubwa hata wazee wasiojua nini maana ya kuotea walikaa kusikiliza.

Mechi ilikuwa dakika 90, lakini baraza lilichukua wiki nzima. Hapo ndipo nilipojifunza tabia ya shabiki. Mwezi Agosti 1974 Yanga na Simba zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliipatia Simba bao la kuongoza, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga wakawa mabingwa kwa 2-1. Nilitegemea watu wa Simba wa Same wamlaumu mwamuzi. Walimlaumu kidogo siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili waliwageukia wachezaji wao wenyewe: kwa nini walirudi nyuma kulinda bao moja, nani aliyemwacha Sembuli, na nani sasa umri umempita. Walizungumza kama wazazi wanaosoma ripoti ya mtoto wanayempenda.

Yanga nao zamu yao ilifika. Mgogoro wa uongozi uliigawa klabu, na mwaka 1976 waliojitoa wakaunda Pan African, wakaondoka na wachezaji wengi wazuri. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga mabao 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu na Jumanne Masimenti mawili. Nakumbuka fundi cherehani mmoja karibu na stendi, Yanga wa damu, ambaye siku iliyofuata watu walikwenda kumtania. Hakuwafukuza. Alisimamisha mashine yake akasema, "Mwalimu, hawa sita hawakufungwa jana. Walifungwa siku tuliyogombana tukawaacha vijana waondoke." Hakumtaja golikipa wala uchawi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uongozi, na alikuwa akisema juu ya klabu ambayo angeifia.

Ikumbukwe kwamba Februari 5 ya mwaka huohuo TANU na Afro-Shirazi ziliungana, ikazaliwa Chama Cha Mapinduzi. Nchi ilikuwa ya chama kimoja. Katika mikutano ya chama tulisikiliza, tukapiga makofi, tukauliza maswali ya namna fulani. Sikumbuki kumsikia mtu mkutanoni akisema juu ya viongozi wake maneno ya wazi kama yale ya fundi cherehani. Lakini jioni, chini ya mwarobaini, fundi huyohuyo, karani wa stesheni, muuza tangawizi aliyeteremka kutoka Mamba na mimi tulijadili kwa uhuru kamili nani anafaa kuongoza, nani amekula fedha ya mlangoni, na kama kamati inaweza kuondolewa. Tulijifunza msamiati wa kudai hesabu. Na mara nyingi mazungumzo yalivuka mpaka bila mtu kutangaza: tulianza na kiungo wa Simba, tukamalizia na bei ya kahawa na sababu za duka la ushirika kukosa sabuni.

Sisemi kwamba mpira ndio uliotufundisha ubishi Wapare. Wenzetu hututania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo una historia yake. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni na watawala wa kijadi walileta kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kulingana na mali yake. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani mpaka makao makuu ya wilaya hapa Same, wakapiga kambi, na jambo hilo likaendelea kwa miezi mingi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, ameliandikia kitabu. Linalonivutia ni kwamba hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaeleza kipimo ni kipi. Walitaka kanuni moja, inayojulikana, kwa wote. Mwishowe mbiru iliondolewa.

Kanuni moja, inayojulikana, kwa wote: hayo ndiyo madai ya kila shabiki katika kila mjadala wa penalti. Machi 8, 2025 Yanga na Simba zilipangwa kucheza Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia mechi Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakatangaza hawatacheza, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga walifika uwanjani hata hivyo. Wiki ile Same haikulala. Vijana waendesha bodaboda, ambao sikuwahi kuwaona na kitabu, walikuwa na kanuni za ligi katika simu zao, wakisoma kifungu kwa kifungu: mgeni ana haki gani, mwenyeji ana wajibu gani, nani ana mamlaka ya kuahirisha. Kijana wa Yanga alikiri mbele ya wenzake kwamba wenyeji walikosea kumzuia mgeni. Kijana wa Simba alikiri kwamba kukataa kucheza ni jambo zito. Mchezo ulichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, lakini kwangu ushindi mkubwa ulikuwa ule wa Machi pale stendi.

Niliwauliza vijana wale, "Wanangu, na Katiba ya nchi mmeisoma?" Walicheka. Mmoja akajibu kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu, hiyo haina marudio ya video." Jibu lake lilikuwa la utani, lakini lilibeba ukweli. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 haikufanyika. Mtu hasomi kwa bidii kanuni za mchezo ambao haoni kama ataitwa kuucheza.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, nilitarajia kwamba tabia ya baraza la mpira ingehamia kwenye siasa. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imeeleza kwamba watu wengi, takriban asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi kwa kujali wale wachache. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza, mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitikiswa na Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, na niliona jambo la ajabu. Watu walewale waliokuwa wakisema waziwazi kwamba golikipa wao amekwisha, hawakuthubutu kusema mgombea wao ana kasoro. Wa CCM hakuona doa kwa CCM, na wa mageuzi hakuona doa kwa mageuzi. Aliyeuliza swali aliitwa msaliti. Barazani hakuna aliyemwita fundi cherehani msaliti wa Yanga.

Kwa nini tofauti hiyo? Nadhani ni kwa sababu mbili. Kwanza, ligi huchezwa kila mwaka. Anayefungwa leo anajua msimu ujao atashuka tena uwanjani akiwa na pointi sawa na wengine, hivyo ana faida ya kujisahihisha. Tumewaona Mseto ya Morogoro wakichukua ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 na majirani zetu Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Mnyonge aliamini inawezekana. Pili, shabiki hapati cheo wala mkate kwa kuisifia timu, wala hapotezi kazi kwa kuisema. Mapenzi yasiyo na malipo ndiyo yenye ujasiri wa kusema kweli.

Sina nia ya kuwafanya washabiki kuwa malaika. Miaka ya 1990 Yanga iligawanyika tena, mara Yanga Asili, mara Yanga Kampuni, na ubishi ule haukuwa wa kistaarabu siku zote. Kamari ya simu imeingia vijiweni, na kijana aliyeweka fedha yake kwenye mkeka haangalii tena mchezo, anaangalia mkeka. Matajiri nao wameingia. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa, mwekezaji apate asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Yapo manufaa: Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Lakini kila fedha inapoongezeka, naogopa sauti ya fundi cherehani inapungua.

Wanasiasa pia wamelijua baraza. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao katika michuano ya Afrika, watu wakaliita "Goli la Mama". Juni mwaka huo, akiwapokea Yanga Ikulu, aliwaomba wamalize mgogoro wao na mchezaji Feisal Salum, na muda mfupi baadaye Feisal akahamia Azam. Barazani petu hata Yanga waliomtaka abaki walijadili kwa kina: je, ni vyema mkuu wa nchi aamue suala la mkataba, hata akiamua kwa huruma? Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeogopa.

Oktoba 29, 2025 tulifanya uchaguzi mkuu, na katika miji kadhaa siku hiyo na zilizofuata kulikuwa na maandamano, risasi na vifo. Intaneti ilizimwa. Barazani petu palikuwa kimya kwa siku nyingi, hata mpira haukuzungumzwa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuusikia ukimya wa namna ile, na ulinifanya nielewe thamani ya kelele zetu. Watu wanaobishana wamekaa bado wanaaminiana. Wakiacha kubishana, usidhani wamekubaliana.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kufanyika kwetu pamoja na Kenya na Uganda. Vijana wa stendi wamekwisha kuanza kupanga kikosi cha Taifa Stars, kila mmoja na golikipa wake. Wasiambiwe kwamba ushabiki ni upofu. Waulizwe tu, pale pale kwenye benchi: "Na diwani wetu je, msimu huu amecheza vipi? Asajiliwe tena, au apishe wengine?"