Mwanzo wa Neno na Shina Lake: Historia ya Maktaba Ndogo za Programu Huria na Mahitaji ya Kiswahili katika Arua na Koboko

1. Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba ilikuwa imekwisha kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Kilichobaki ni utekelezaji, nao siku hizi hupitia kamusi za kidijitali, vikagua tahajia na zana za utafutaji. Chini ya zana hizo kuna vijenzi visivyoonekana na mtumiaji, yaani maktaba za programu. Makala haya yanafuatilia historia ya aina mbili za maktaba ndogo za programu huria: zinazochanganua machaguo ya amri na zinazopanga data katika faharasa fupi. Yanadai kwamba aina zote mbili zilirithi dhana moja, kwamba neno hutambulikana kwa mwanzo wake. Katika Kiswahili mwanzo wa neno ni makazi ya sarufi. Maana ya msingi imo katika shina.

2. Kiswahili cha mpakani

Arua ilianza kuwa kituo cha utawala wa Kiingereza mwaka 1914, West Nile ilipohamishwa kutoka Sudan na kuwekwa chini ya Uganda. Kiswahili kilienea humo hasa kwa njia ya jeshi, kwa kuwa vijana wengi wa Kilugbara na Kikakwa waliandikishwa katika King's African Rifles. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na uhusiano huo na kambi za askari ukakitia doa katika sehemu nyingine za nchi. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Maisha ya uhamishoni, pamoja na biashara ya soko la Ariwara ng'ambo ya mpaka, yaliwazoesha Kiswahili cha mashariki mwa Kongo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Koboko huenda akasikia *bitabu* sokoni na kusoma *vitabu* darasani, huku nyumbani akizungumza Kikakwa, Kilugbara au Kinubi. Zana inayodai umbo moja tu la neno humfungia mlango mwanafunzi huyo kabla hajaanza kujifunza.

3. Machaguo ya amri: herufi moja na neno zima

Katika mfumo wa Unix, mtumiaji huiambia programu anachotaka kwa kuongeza machaguo baada ya jina la amri. Maktaba ya getopt, ambayo kampuni ya AT&T iliutoa msimbo wake hadharani mwaka 1985, iliweka kanuni ya herufi moja inayotanguliwa na kistari. Mradi wa GNU ukaongeza getopt_long, inayokubali maneno kamili yanayotanguliwa na vistari viwili. Baadaye Red Hat ilitoa popt, na mwaka 2010 argparse iliingia katika maktaba sanifu ya lugha ya Python toleo la 2.7.

Kanuni ya herufi moja inafaa pale ambapo maneno hutofautiana kuanzia herufi ya kwanza. Katika Kiswahili, *msaada*, *mpangilio*, *matokeo* na *maneno* yote yangegombania herufi *m*, na vitenzi-jina vyote vingegombania *k*. Hata getopt_long na argparse, zinazoruhusu neno kufupishwa mradi mwanzo wake usilandane na neno jingine, hazitoi nafuu kubwa: mtumiaji atalazimika kuandika sehemu kubwa ya neno kabla mashine haijalitofautisha.

Hapa popt ina sifa ya pekee. Humruhusu mtumiaji kutunga majina mbadala ya machaguo katika faili la mipangilio bila kuugusa msimbo wa programu. Pia popt na argparse zote huruhusu maelezo ya msaada yatafsiriwe. Mwalimu wa Arua anaweza kupewa programu ileile yenye machaguo ya Kiswahili, na mwenzake yenye ya Kilugbara.

4. Faharasa: kutoka dbm hadi SQLite

Mwaka 1979 Ken Thompson wa AT&T alitoa dbm, iliyogeuza kila ufunguo kuwa namba inayoonyesha mahali data ilipo kwenye diski. Kutoka kwake zilizaliwa ndbm na gdbm. D. J. Bernstein aliunda cdb kwa ajili ya data isiyobadilika mara kwa mara. Faharasa ya cdb huhitaji baiti 2,048 na nyongeza ya baiti 24 kwa kila ingizo, mbali na maneno yenyewe. Mashina 20,000 yangehitaji baiti 482,048, yaani chini ya nusu megabaiti. Toleo jipya huandikwa pembeni na kuchukua nafasi ya la zamani kwa hatua moja, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, kamusi ya zamani hubaki salama. Kwa eneo lililokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, sifa hiyo ni ya lazima.

Hata hivyo cdb hujibu tu neno lililoandikwa vilevile lilivyohifadhiwa. Tukichukua nafsi 6, njeo 4 na yambwa 6, kitenzi kimoja hutoa maumbo 144 kwa hesabu ya juujuu. Vitenzi 2,000 hutoa 288,000, na baiti za faharasa pekee hupanda hadi karibu milioni 7. Hunspell, iliyobuniwa kwa Kihangari, hupunguza mzigo kwa kuhifadhi shina na kanuni za viambishi. Lakini kwa kawaida huondoa viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja. Inaweza kugeuzwa iondoe viambishi awali viwili, kwa gharama ya kubakiwa na kiambishi tamati kimoja. Neno *hawatakusomea* lina viambishi awali vinne.

SQLite, iliyoanza mwaka 2000, ilipata mwaka 2020 njia ya kutafuta kwa vipande vya herufi tatu. Njia hiyo huona *som* popote ilipo, ila haiwezi kuona mashina mafupi kama *-l-* ya *kula* au *-f-* ya *kufa*.

5. Funzo la kamusi za karatasi

Tatizo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliorodhesha vitenzi vilivyonyambuliwa chini ya shina lake na kumwachia msomaji kazi ya kulitambua. Kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo badala yake. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi aliweka msingi wa mofolojia ya ngazi mbili, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akautumia kuchanganua Kiswahili. Leo maktaba huria ya foma hutekeleza kanuni za aina hiyo, na *bitabu* inaweza kuelekezwa kwenye ingizo la *kitabu* kwa kanuni moja tu ya *bi-* na *vi-*.

6. Hitimisho

Ulinganisho huu unaelekeza kwenye mgawanyo wa kazi: foma itambue shina, cdb ihifadhi mashina, na popt au argparse ipokee amri kwa lugha ya mtumiaji. Vijenzi vyote ni vidogo na huria, na havihitaji intaneti vinapotumika. Kwa washauri wa sera, ipo hatua inayotangulia ununuzi wa zana yoyote ya shule: zana hiyo ijaribiwe kwa *hawatakusomea*, *kula* na *bitabu*. Amri ya mwaka 1973 ilikitangaza Kiswahili bila kukiandalia vitendea kazi. Uamuzi wa mwaka 2022 utapimwa kwa yale ambayo mtoto wa Koboko atajibiwa na mashine atakapoliandika neno analolijua.