Dalali wa mtandaoni: kamisheni si kosa, kuificha ndiko kosa

Sisi wa Pwani twamjua dalali: humkutanisha mnunuzi na muuzaji, akachukua chake. Tovuti za safari hufanya udalali huo huo. Ukitafuta pa kulala Kitui au Makueni, kiungo unachobonyeza hubeba namba ya mwenye tovuti. Ukishalala, hoteli huulipa kamisheni mtandao wa kuwekea vyumba, kama Booking.com, nao humgawia mwenye tovuti. Tuseme chumba ni shilingi 5,000 na kamisheni ni asilimia 15: hoteli hutoa 750, na dalali wetu hupata fungu humo. Kwa kawaida bei yako haipandi.

Taabu iko katika yanayoachwa. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 kando ya reli, huwalisha wasafiri bure. Chakula chake hakina nyama, basi Muislamu hana shaka nacho. Lakini halina kamisheni. Mwandishi anayetaja panapomlipa tu atakupitisha Makindu na njaa yako.

Mimi huipima tovuti kwa maswali matatu. Imesema inalipwa, tena kabla ya kiungo? Imetaja pasipolipa? Imetaja ila za hoteli, kama maji kukatika?

Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imekataza kumpotosha mnunuzi kwa kunyamazia jambo muhimu. Na kwetu Waislamu, kuficha ila ya bidhaa ni ghushi. Dalali na ale chake, ila aseme.